Reli ndogo ya nyumbani: jinsi ya kuijenga, kuifunga umeme na kuirudisha treni ya Nachingwea juu ya ubao

Mtoto anayezaliwa leo Nachingwea au Ruangwa anaweza kumaliza shule bila kuona treni, ila kwenye simu. Babu yake aliiona. Kuanzia mwaka 1949 mpaka 1962 treni ilikuwa ikifika Nachingwea kutoka pwani, ikapiga honi, ikapakia mizigo na kurudi. Kisha njia ikafungwa na reli zikang'olewa. Lililobaki ni simulizi, na hapa na pale tuta ambalo mgeni atadhani ni la barabara ya zamani.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutengeneza reli ndogo inayotembea kwa umeme wa betri, kwa vitu vinavyopatikana kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa fundi redio na kwenye vyuma chakavu. Huko Ulaya na Marekani kazi hii ni burudani ya watu wazima wanaonunua kila kitu kikiwa tayari dukani. Hapa kwetu haiuzwi, na ukiiagiza ni ghali. Lakini kijana aliyewahi kutengeneza gari la waya na makopo ana nusu ya ujuzi unaotakiwa. Nusu nyingine ni umeme, na hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Treni iliyokuwepo

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Serikali yake ikaamua kulima karanga Tanganyika, kwenye eneo lililopangwa kuzidi ekari milioni 3. Kazi ilianza mwaka 1947 Kongwa, na maeneo mengine yakawa Urambo na Nachingwea. Kwa huku kusini hakukuwa na bandari ya kina wala reli, kwa hiyo vyote viwili vilibidi vijengwe. Njia ilianzia Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Baadaye iliunganishwa na Mtwara, ambako bandari mpya ya maji marefu ilifunguliwa mwaka 1954, na tawi jingine likaenda Masasi.

Tatizo ni kwamba karanga hazikupatikana kama zilivyotarajiwa. Serikali ya Uingereza iliuacha mradi Januari 1951. Reli ikabaki na mizigo michache kuliko ile iliyojengewa, ikajiendesha kwa hasara, na mwaka 1962, Tanganyika ikiwa imeshapata uhuru, ikafungwa.

Ilikuwa reli ya geji ya mita, yaani kati ya reli na reli kulikuwa na mm 1,000, sawa na reli ya kati ya zamani inayotoka Dar es Salaam kwenda Kigoma. TAZARA ina mm 1,067, na reli ya kisasa ya SGR ina mm 1,435. Shika tarakimu hizi, maana ndizo zitakazoamua vipimo vya ubao wako.

Kupunguza kipimo

Reli ndogo si treni ya kuchezea tu. Tofauti ni kwamba kila kitu kimepunguzwa kwa kiasi kilekile. Waundaji wengi duniani hutumia kipimo cha 1 kwa 87. Sisi tunapendekeza 1 kwa 50, kwa sababu mbili: hesabu yake ni nyepesi, na vipande vyake ni vikubwa vya kutosha kushikika kwa vidole na koleo la kawaida.

Kwa 1 kwa 50, mita 1 ya kweli inakuwa sm 2. Reli ya mm 1,000 inakuwa mm 20. Taruma la mita 2 linakuwa sm 4. Kichwa cha treni cha mita 12 kinakuwa sm 24, nyumba yenye ukuta wa mita 3 inakuwa sm 6, na mtu mzima anakuwa mfupi kidogo kuliko njiti ya kiberiti. Karanga moja yenye ganda lake, ikiwa na sm 3, ingekuwa mzigo wa mita moja na nusu, kwa hiyo usiipakie kwenye behewa ukidhani unaenzi historia.

Kilomita 1 inakuwa mita 20. Maana yake njia yote mpaka Mtwara haitaingia hata kwenye uwanja wa shule. Chagua sehemu moja: stesheni na kipande cha njia.

Wengi wanaoanza huota duara, treni ikizunguka bila kusimama. Ushauri wetu ni tofauti. Anza na ubao mmoja mrefu wa mita 2.4 na upana wa sm 30, njia ikiwa imenyooka, treni ikienda na kurudi. Hauli nafasi, unaweza kuusimamisha ukutani usiku, na kona ndizo zinazowatoa jasho wanaoanza. Halafu njia ya Nachingwea haikuwa duara. Ilikuwa na mwisho, na treni ilirudi ilikotoka.

Reli na mataruma

Kwa reli tumia waya laini wa uzio wenye unene wa mm 3, ule usio na miiba, uliopakwa zinki. Huja umekunjwa. Kuunyoosha, funga ncha moja kwenye mti, nyingine izungushie nondo fupi, kisha vuta kwa nguvu mpaka uusikie umelegea kidogo mkononi. Ukiuachia utabaki umenyooka. Unahitaji vipande vitatu vya mita 2.4. Ndiyo, vitatu, na sababu inakuja.

Mataruma chonga kwa mbao laini au mwanzi uliokauka, kila moja sm 4 kwa urefu. Kwa msumeno wa chuma, kata mifereji mitatu midogo juu ya kila taruma: miwili ya pembeni ikiwa mm 23 kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine, na wa tatu katikati yao. Kwa nini 23 wakati tumesema 20? Kwa sababu waya wenyewe una mm 3, na nafasi ya mm 20 hupimwa kati ya kingo za ndani. Wanaoanza wengi hukosea hapa, halafu wanalaumu magurudumu.

Mifereji isizidi kina cha mm 1, ili waya ubaki umeinuka na ukingo wa gurudumu usigonge taruma. Weka taruma kila baada ya sm 1.5 hivi, bandika waya kwa supa gluu, na kila mara pitisha kijiti ulichokata kwa mm 20 kamili kati ya reli mbili za pembeni. Kijiti kikikwama au kikicheza, rekebisha kabla gundi haijakauka.

Kokoto zake ni mchanga wa mtoni uliochekechwa kwa chekeche ya unga. Ardhi ni udongo wetu mwekundu, uliokaushwa, ukachekechwa na kumwagwa juu ya gundi ya mbao iliyochanganywa na maji. Usimwage chochote mpaka treni iwe imetembea vizuri kwa siku kadhaa, kwa sababu kufukua kokoto zilizogandishwa ni kazi ya kukatisha tamaa.

Kwa nini reli tatu

Umeme ni lazima uende na urudi. Ukitoka upande wa chanya wa betri, upite kwenye mota, urudi upande wa hasi. Njia ikikatika popote, mota inasimama. Njia ya kwenda ikigusana na ya kurudi kabla ya kufika kwenye mota, unapata shoti.

Treni za dukani za reli mbili hutumia reli moja kwa kwenda na nyingine kwa kurudi. Ni rahisi, ila kila jozi ya magurudumu lazima iwe na plastiki katikati, vinginevyo ekseli ya chuma itaunganisha reli mbili na kupiga shoti papo hapo. Sisi tutatengeneza magurudumu kwa bolti na washa, chuma kitupu. Kwenye reli mbili yatapiga shoti siku ya kwanza.

Jibu ni la zamani. Kampuni kama Märklin ya Ujerumani na Lionel ya Marekani zilitumia njia ya tatu katikati: umeme unakwenda kwa njia ya katikati na kurudi kwa reli zote mbili za pembeni. Ekseli ya chuma ikiunganisha reli za pembeni hakuna ubaya, kwa kuwa zote zina kazi moja. Na si jambo la kuchezea tu. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inachukua umeme wa volti 25,000 kwenye waya wa juu, na umeme huo hurudi kupitia reli anazokanyaga. Sisi tumeuteremsha ule waya wa juu tukaulaza katikati ya reli, tena kwa volti 6 badala ya 25,000.

Kuna faida nyingine ambayo utaiona ukifika hatua ya kona. Kwenye reli mbili, njia ikizunguka na kujirudia yenyewe, reli ya kulia hukutana na ya kushoto, na hiyo ni shoti. Kwenye reli tatu, ya katikati hukutana na ya katikati.

Kichwa cha treni

Tafuta gari bovu la kuchezea la betri, kisha chukua mota pamoja na meno yake yote. Mota peke yake huzunguka kwa kasi mno na haina nguvu ya kuvuta. Ukikosa, mota ya deki mbovu inafaa, ukipunguza kasi kwa rababendi inayotoka kwenye ncha nyembamba ya mota kwenda kwenye kizibo cha soda kilichobanwa kwenye ekseli.

Gurudumu moja ni washa kubwa moja upande wa ndani, ambayo ndiyo ukingo, na washa ndogo tatu au nne upande wa nje, ambazo ndizo zinazokanyaga reli. Zote zibanwe na nati kwenye bolti ndefu ambayo ni ekseli. Ukingo uzidi washa ndogo kwa mm 1.5 hivi kuzunguka pande zote. Ukizidi zaidi, upunguze kwa tupa. Kati ya uso wa nje wa ukingo mmoja na uso wa nje wa ukingo wa pili kuwe na mm 18, ili pabaki nafasi ya kucheza kidogo ndani ya mm 20.

Fremu iwe ya bati, na ekseli zipite kwenye matundu ya bati hilo. Hapo umeme wa kurudi unapita wenyewe: kutoka fremu, kwenye ekseli, kwenye magurudumu, mpaka reli za pembeni. Waya mmoja wa mota ushike kwenye fremu. Wa pili uende kwenye kiatu, yaani kipande kinachoteleza juu ya reli ya katikati.

Kiatu kizuri ni kaboni ya zamani ya grainda au drili, ile ambayo fundi huitupa anapoweka mpya. Ibebe kwenye kipande cha plastiki ili isiguse bati, na uisukume chini kwa springi nyepesi ya kalamu. Kaboni huteleza bila kukwaruza na hupitisha umeme vizuri. Wasomaji wa Ruangwa wana sababu ya kulipenda jambo hili, kwa kuwa madini ya kinywe yanayochimbwa wilayani kwao ni aina ya kaboni, na hiyo ndiyo inayopatikana ndani ya penseli. Chonga penseli pande zote mbili, iunganishe katikati ya betri na taa ndogo ya LED yenye rezista, na taa itawaka. Usipasue betri kutafuta kijiti cha kaboni kilichomo ndani, na hasa usiguse betri za simu.

Juu ya fremu tengeneza umbo la kichwa kwa boksi gumu. Vichwa vingi vya shirika la reli la Afrika Mashariki la wakati ule vilipakwa rangi ya damu ya mzee. Weka jiwe dogo au nati nzito juu ya ekseli inayoendeshwa, vinginevyo magurudumu yatazunguka papo hapo bila kwenda. Mabehewa yawe mepesi.

Umeme: hapa usikimbilie

Kanuni ya kwanza haina mjadala. Umeme wa nyumbani, ule wa volti 230 unaotoka kwenye nguzo, usiguse ubao huu kwa njia yoyote. Reli zako ni vyuma vitupu na watoto watazishika. Wengine husema watatumia chaja ya simu kwa sababu inatoa volti 5 tu. Chaja nzuri kweli hutenganisha kabisa umeme wa ukutani na ule unaotoka. Chaja ya bei ya chini sana inaweza kuwa haifanyi hivyo vizuri, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Tumia betri.

Mawe manne makubwa ya tochi yaliyopangwa kwa mstari hutoa volti 6, kila moja 1.5. Anza na mawili, volti 3. Mota ya gari la kuchezea mara nyingi inatosheka hapo. Ukitoa waya baada ya jiwe la pili, la tatu na la nne, unapata volti 3, 4.5 na 6, yaani kasi tatu, bila kununua kifaa chochote. Pawabenki nayo inafaa, ila nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo, na utadhani reli ina tatizo.

Betri ya sola ya volti 12 ni habari nyingine. Ikipigwa shoti inaweza kuuyeyusha waya mikononi mwako na kuwasha moto. Kama ni lazima, weka fyuzi ya ampea 1 karibu kabisa na ncha ya chanya, na utumie mota inayostahimili volti hizo. Paneli ya sola nayo usiiunganishe moja kwa moja na mota ndogo: paneli inayoitwa ya volti 12 hufika 18 na zaidi juani.

Kuna kinga moja ya bei nafuu tunayoipenda. Kwenye waya wa chanya, kati ya betri na reli, weka balbu ya indiketa ya pikipiki, ile ya zamani yenye uzi ndani, si ya LED. Treni ikitembea kawaida, balbu haiwaki au huwaka kidogo sana. Ikitokea shoti, balbu inawaka na kuzuia umeme usipite kwa wingi. Unaona tatizo kwa macho, na betri inapona.

Sasa kwenda mbele na kurudi nyuma. Mota ya aina hii ukigeuza chanya na hasi, inazunguka kinyume. Kazi hiyo inafanywa na swichi ya miguu sita, ambayo fundi redio anayo au anajua pa kuipata. Ina safu 3 za miguu 2. Miguu miwili ya katikati inakwenda kwenye njia: mmoja kwenye reli ya katikati, mwingine kwenye reli za pembeni, ambazo umeziunganisha pamoja kwa waya chini ya ubao. Miguu miwili ya juu inapokea betri, chanya kushoto, hasi kulia. Halafu kutoka hiyo ya juu vuta waya mbili kwenda miguu ya chini kwa kukatiza: wa juu kushoto uende chini kulia, wa juu kulia uende chini kushoto. Ukisukuma swichi upande mmoja treni inakwenda pwani, ukisukuma upande wa pili inarudi Nachingwea.

Waya wa chuma wa mita 2.4 hauna tatizo la kupitisha umeme. Tatizo huwa kwenye viungo. Risasi haishiki vizuri kwenye waya wa zinki, hasa kwa asiyezoea, kwa hiyo sugua ncha kwa msasa na ubane kwa konekta ndogo ya skrubu.

Treni kusimama yenyewe

Kwenye ubao ulionyooka, hatari ni treni kufika mwisho na kudondoka. Unaweza kuweka kizuizi cha mbao, lakini mota itaendelea kusukuma na kupata joto. Dayodi mbili zinatatua jambo hili vizuri zaidi, na kwa maoni yetu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote katika mradi.

Dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu. Mwombe fundi akutolee mbili kutoka kwenye ubao wa redio mbovu, ziwe za kawaida za ampea 1. Kata reli ya katikati, hiyo peke yake, sm 35 kabla ya kila mwisho, na uache pengo la mm 2. Unganisha pengo hilo kwa dayodi chini ya ubao. Treni ikiingia kwenye kipande cha mwisho, dayodi inazuia umeme na treni inasimama. Ukigeuza swichi, umeme unageuka, dayodi inaruhusu, na treni inatoka kurudi ilikotoka, taratibu kidogo kwa kuwa dayodi hula kama volti 0.7. Ikitokea treni inapita pengo bila kusimama, halafu ukigeuza swichi haitoki, dayodi umeiweka kinyume. Igeuze.

Taa za mbele zinafuata mantiki hiyohiyo, kwa sababu LED nayo ni dayodi. Weka moja mbele ya kichwa na nyingine nyuma, zikielekezwa kinyume kwa umeme, kila moja na rezista ya omu 220. Treni ikienda mbele itawaka ya mbele, ikirudi itawaka ya nyuma, bila swichi yoyote. Taa za stesheni zipe betri yake pembeni. Ukizichukulia umeme kwenye reli, zitazimika kila treni inaporudi.

Ukitaka njia ya pili ya kupishana, usijaribu kutengeneza ncha nyembamba za reli zinazohama kama za kweli. Kata kipande cha njia cha sm 20, kiegemeze kwenye msumari upande mmoja, na kikivutwa na kamba kihame kutoka njia moja kwenda nyingine. Kipe umeme kwa waya laini unaocheza chini yake.

Ikigoma

Chukua balbu ya tochi yenye waya mbili. Gusa reli ya katikati na ya pembeni karibu na betri: ikiwaka, sogea mbele hatua kwa hatua mpaka isipowaka, na kiungo kibovu kiko kati ya hapo na pale ilipowaka mara ya mwisho. Kwenye vipande vya mwisho itawaka upande mmoja wa swichi tu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kama inawaka kote na treni haiendi, tatizo liko kwenye treni: mara nyingi kiatu hakigusi, au grisi nyingi kwenye matundu ya ekseli imezuia umeme.

Vumbi ndilo adui wa kiangazi. Futa reli kwa kitambaa chenye spiriti, usitumie mafuta. Masika adui ni kutu, hasa pale ulipokata waya na zinki ikatoka. Ubao usiegemee ukuta wa udongo wenye unyevu, na mataruma yaliyolowa yakauke kabla ya kuwasha.

Kabla ya kubandika nyumba

Ubao ukishatembea, unakuja uamuzi wa nini kiwe juu yake. Miti ya korosho hutokana na vijiti vikavu na majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Stesheni ndiyo ngumu, maana kuta unaweza kuzibuni, lakini mahali pake hupaswi kubuni. Aliyekuwa na miaka 10 reli ilipofungwa alizaliwa mwaka 1952. Watu hao bado wapo, lakini hawaongezeki.

Nenda na karatasi kubwa na penseli, si simu peke yake. Mwamkie mzee, mweleze unachokitengeneza, kisha chora mbele yake mambo anayoyajua: sokoni hapa, barabara ya Masasi pale, kisha muulize treni ilitokea wapi. Wazee wengi wakiulizwa "stesheni ilikuwaje" hujibu kwa maneno mawili. Wakiona mchoro umekosewa, husogea karibu na kuurekebisha kwa kidole. Muulize maji ya injini yalitoka wapi, mizigo ilipakiwa upande gani, watoto walisimama wapi kutazama. Wawili wakitofautiana, andika yote mawili, kisha nenda kwa wa tatu, na ikiwezekana mfuatane kwa miguu mpaka lilipo tuta. Pima upana wake juu, gawanya kwa 50, na hapo ndipo uchukue gundi.